Nani Anashika Kipanya?

Ingia katika chumba cha kompyuta cha shule ya sekondari ya mchanganyiko wakati kipindi kinaendelea, kisha achana na ubao na mwalimu, tazama viti. Kompyuta moja ina wanafunzi wanne, pengine sita. Aliyeketi, mkono wake ukiwa juu ya kipanya, mara nyingi ni mvulana. Mwenzake ameinama pembeni anamwelekeza: bonyeza hapo, rudi, funga hiyo. Nyuma yao amesimama msichana, daftari limelala kwenye kiganja cha kushoto, ananakili hatua moja baada ya nyingine kwa mwandiko safi kabisa. Kengele ikilia, mvulana anatoka akiwa amefanya, msichana anatoka akiwa ameandika. Kwenye mtihani wa nadharia huenda akampita yule mvulana mbali sana. Lakini ukifika wakati wa kuchagua masomo atasema kompyuta haimfai, na nyumbani hakuna atakayemuuliza kwa nini.

Tumezoea kulieleza jambo hili juu juu. Tunasema wasichana hawapendi kompyuta, wanaogopa Hisabati, hawana watu wa kuiga. Basi yanaitishwa makongamano, wasichana wanavishwa fulana, wanahutubiwa, wanapigwa picha, wanarudi shuleni. Sina ugomvi na shughuli hizo. Siku ya Kimataifa ya Wasichana na TEHAMA, ambayo tangu mwaka 2011 huadhimishwa kila Alhamisi ya nne ya Aprili, imewafumbua macho wengi, na nimewasikia mabinti wakiisimulia miezi mingi baadaye. Ninachosema ni kwamba binti akirudi shuleni kesho yake anakikuta kile kiti kimekaliwa. Asipokipata, hamasa itapoa.

Yule mvulana aliyekimbilia kiti hakuzaliwa anajua. Alianza kujua mtaani. Vibanda vya gemu vimejaa kila kona ya miji yetu, na jioni utawakuta watoto wa kiume wamejipanga na sarafu zao wakisubiri zamu. Kuna wanaokwenda kushinda kwa fundi simu, wakitumwa soda na kurudi kushika bisibisi. Nyumbani king'amuzi kikigoma anaitwa kaka: hebu njoo utazame hii. Simu ya baba ikijaa picha anapewa yeye azifute. Dada yake saa hiyo yuko bombani na ndoo, au anaosha vyombo, au mdogo wao yuko mgongoni kwake. Na hata kazi zikiisha mapema, mzazi aliyemruhusu mwanawe wa kiume kukaa kibandani mpaka giza liingie hatamruhusu binti yake, na hofu hiyo ya mzazi naiheshimu, maana inajua mitaa yetu.

Kwa hiyo watoto wawili wanapofika kidato cha kwanza siku moja, wamevaa sare moja, mmoja tayari ana miaka kadhaa ya kubonyeza vitu. Alichojifunza kwenye gemu chenyewe ni kidogo sana na hakina uhusiano mkubwa na sayansi ya kompyuta. Lakini amepata kitu chenye thamani kuliko ujuzi: haogopi kuharibu. Anajua ukibonyeza vibaya utarudi nyuma, ikiganda utaizima na kuiwasha. Msichana amekulia kwenye neno moja tu kuhusu kifaa chochote chenye waya: usiguse, utaharibu. Mwalimu anapouliza swali la kwanza, mikono inayonyooshwa ni ya wale waliokwisha kugusa. Mwalimu anaona vipaji. Wengine nao wanaona vipaji, wanajilinganisha, wanarudi hatua moja nyuma. Uzoefu wa mtaani umeshageuzwa kuwa akili ya kuzaliwa, na muhula wa kwanza haujafika nusu.

Haya si mawazo yangu peke yangu. Yamechunguzwa kwa kina, na mahali yalipochunguzwa vizuri zaidi palikuwa mbali na kwetu. Mwaka 1995 Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh, Marekani, kimojawapo cha vyuo vinavyoongoza duniani kwa sayansi ya kompyuta, kilikuwa na wasichana asilimia 7 tu miongoni mwa wanafunzi wapya wa shahada hiyo. Jane Margolis, mtafiti wa mambo ya jamii, na Allan Fisher, aliyesimamia masomo ya shahada ya kwanza katika skuli ya sayansi ya kompyuta ya chuo hicho, waliamua kuwauliza wanafunzi wenyewe. Walizungumza na zaidi ya wanafunzi 100, wengi wao zaidi ya mara moja, wakiwafuatilia kadiri miaka ya masomo ilivyosonga.

Walichokisikia kinafanana na cha kwetu kwa namna inayosikitisha. Familia nyingi zilizonunua kompyuta ya nyumbani ziliiweka chumbani kwa mtoto wa kiume. Baba alikaa na mwanawe wakaifungua pamoja. Binti alitazama kutoka mlangoni. Wasichana waliofika chuoni walikuwa hodari wa Hisabati na sayansi, wamechujwa katika mchujo mkali, lakini wiki za mwanzo walikuta wenzao wa kiume wakizungumza korido nzima kwa maneno ambayo wao hawajawahi kuyasikia. Wakaamua kwamba wao ni wajinga. Wengine waliacha masomo ilhali alama zao zilikuwa nzuri. Margolis na Fisher waligundua pia kwamba wengi wa wasichana hao hawakuipenda kompyuta kwa ajili ya kompyuta yenyewe. Waliipenda kwa kile ingeweza kufanya, katika tiba, katika elimu, katika maisha ya watu. Na jambo lililowafungua macho wakuu wa chuo ni hili: mwanafunzi aliyeingia bila kuwahi kuandika programu hata moja aliweza kuhitimu vizuri sawa na yule aliyeanza utotoni, alimradi avumiliwe mwaka wa kwanza.

Chuo kikabadilisha mambo. Kiliacha kumpa mwombaji nafasi ya upendeleo kwa sababu tu amewahi kuandika programu. Kikafungua njia tofauti za kuingilia masomo ya mwaka wa kwanza, anayeanza aanze na wanaoanza. Kikawapa mafunzo walimu wa sekondari wakati wa likizo. Ugumu wa masomo haukupunguzwa. Mwaka 2000 wasichana walikuwa asilimia 42 ya wanafunzi wapya.

Miaka 5. Kutoka 7 hadi 42. Hakuna asili ya mwanadamu inayobadilika ndani ya miaka 5.

Chuo kingine, Harvey Mudd kule California, kilifuata njia inayokaribiana na hiyo baada ya Maria Klawe, mwanahisabati, kuwa mkuu wake mwaka 2006. Wakati huo wasichana walikuwa kiasi cha mmoja katika kila wanafunzi 10 wanaochukua sayansi ya kompyuta. Somo la utangulizi liligawanywa: wasio na uzoefu kundi lao, wenye uzoefu kundi lao. Lugha ya programu iitwayo Java, iliyokuwa ikiwachosha wanaoanza, ikaachwa, wakaanzishiwa Python, ambayo mistari michache tu inatosha kukuonyesha matunda. Na wale vijana waliozoea kulitawala darasa kwa maswali ya kujionyesha waliitwa pembeni na mwalimu wakaambiwa kwa upole kwamba maswali yao ni mazuri, wayalete ofisini baada ya kipindi. Hili la mwisho halikugharimu hata senti moja. Kufikia mwaka 2016 wasichana walikuwa zaidi ya nusu ya wahitimu wa fani hiyo chuoni hapo.

Anayedhani kwamba kazi hii ni ya kiume kwa asili asome pia historia yake. ENIAC, mojawapo ya kompyuta za mwanzo, ilipozinduliwa Philadelphia, Marekani, mwezi Februari 1946, waliokuwa wameipanga ifanye hesabu zake walikuwa wanawake 6: Kathleen McNulty, Betty Jean Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Hakukuwa na kitabu cha maelekezo. Walijifunza mashine kwa kusoma michoro ya nyaya zake na kuwahoji mafundi. Usiku wa uzinduzi kulikuwa na karamu, na wao hawakualikwa. Mwaka 1984 wanawake nchini Marekani walikuwa bado wanachukua asilimia 37 hivi ya shahada za kompyuta, kisha idadi ikaporomoka miaka ileile ambayo kompyuta ndogo zilianza kuuzwa majumbani zikitangazwa kama mchezo wa wavulana. Nchini Malaysia mambo yalikwenda kinyume kabisa. Mtafiti wa Norwei, Vivian Lagesen, alikwenda Chuo Kikuu cha Malaya mjini Kuala Lumpur akawakuta wanawake ndio wengi darasani na ndio wanaoongoza idara za kitivo cha kompyuta. Alipouliza, aliambiwa kwamba kazi ya kompyuta inafanyika ndani, ofisini, mahali salama, hivyo inamfaa sana mwanamke. Sababu ileile ambayo kwetu humzuia binti, yaani usalama wake, huko ndiyo iliyomwingiza.

Turudi kwetu, maana huku ndiko ninakotaka jambo lifanyike.

Kwetu mlango umeanza kufunguliwa. Mtaala mpya wa Tanzania ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umeipa sayansi ya kompyuta nafasi kubwa kuliko ilivyokuwa, na Machi mwaka huohuo serikali ilipotangaza tahasusi 65 za kidato cha tano, mojawapo ilikuwa ya Fizikia, Hisabati na Sayansi ya Kompyuta. Kupitia mradi wa kuboresha elimu ya sekondari uitwao SEQUIP zimekuwa zikijengwa shule za bweni za sayansi kwa wasichana, moja kila mkoa wa Tanzania Bara, jumla 26. Kenya ilianza mwaka 2016 kugawa vishikwambi kwa watoto wa darasa la kwanza katika shule za umma. Na mashirika ya wanawake wenyewe hayakusubiri serikali. AkiraChix ya Nairobi ilianzishwa mwaka 2010 na wasichana waliokuwa wamechoka kujikuta wachache katika kila mkutano wa watu wa teknolojia, na mmoja wao, Angela Oduor Lungati, ndiye baadaye aliyeshika uongozi wa Ushahidi, jukwaa la ramani lililozaliwa Kenya katika machafuko ya mwaka 2008 yaliyofuata uchaguzi, na kutumika duniani kote. Dar es Salaam, Carolyne Ekyarisiima alianzisha Apps and Girls mwaka 2013, akawapelekea wasichana wa sekondari vilabu vya kompyuta shuleni kwao.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Kisumu. Mwaka 2017 wasichana 5 wa Shule ya Upili ya Kisumu Girls, wenye umri wa miaka 15 hadi 17, walitengeneza programu ya simu waliyoiita i-Cut. Msichana aliye hatarini kukeketwa kwa nguvu anabonyeza kitufe, ujumbe unakwenda kwa wahusika. Kitufe kingine kinampeleka kwenye kituo cha uokoaji. Kingine kinamwezesha aliyekwisha kufanyiwa ukatili huo kutoa taarifa na kupata msaada wa matibabu na sheria. Waliliita kundi lao The Restorers, wakaenda California kwenye fainali za shindano la Technovation, na mwaka 2019 Bunge la Ulaya liliwaweka miongoni mwa waliopendekezwa kwa Tuzo ya Sakharov.

Tazama mambo mawili katika habari hii. La kwanza, hawakuanza na kompyuta. Walianza na mwenzao, msichana waliyesoma naye, aliyekeketwa na masomo yake yakaishia hapo. Kompyuta ilikuja baadaye kama njia, sawasawa na vile Margolis na Fisher walivyosikia kutoka kwa wasichana wa Pittsburgh. Mwalimu anayeanza somo kwa kuwakaririsha watoto sehemu za kompyuta, historia ya vizazi vitano vya kompyuta na maana ya vifupisho anawapoteza wasichana hawa wiki ya kwanza kabisa. Angewauliza tu: hapa kijijini, mtaani, hapa shuleni, ni jambo gani linawaudhi? Majibu yatamwagika. La pili, Kisumu Girls ni shule ya wasichana pekee. Katika chumba chao cha kompyuta anayeshika kipanya ni msichana, kwa sababu hakuna mwingine wa kukishika. Ndiyo maana nazitazama zile shule 26 kwa matumaini makubwa, na ndiyo maana ningehuzunika sana nikisikia kwamba mojawapo ina maabara nzuri iliyofungwa kwa kufuli kwa kuwa hakuna mwalimu wa somo, au kwa kuwa mkuu anaogopa vifaa vitaharibika.

Neno lile tena: utaharibu.

Watoto wetu wengi hawasomi kwenye shule hizo, na shule nyingi za kata hazina kompyuta za kutosha, nyingine hazina hata umeme wa uhakika. Walimu huniambia: unatuhimiza tufundishe kompyuta, tutafundishia nini? Nawajibu kwamba sehemu kubwa ya sayansi ya kompyuta inaweza kufundishwa uwanjani, chini ya mwarobaini. Tim Bell wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, na wenzake wamekuwa tangu miaka ya 1990 wakiandaa mazoezi ya namna hiyo, na moja linahitaji karatasi tano za manila na kalamu ya wino mzito.

Chora nukta 1 kwenye karatasi ya kwanza, 2 kwenye ya pili, kisha 4, 8 na 16. Nyuma ya kila karatasi usichore kitu. Waite wanafunzi watano mbele, wajipange mstari mmoja, mwenye 16 akae kushoto kwa wanaotazama na mwenye 1 akae kulia kabisa. Uliza darasa: hii ina nukta ngapi, na inayofuata ngapi? Atatokea mmoja atakayesema kila karatasi ni mara mbili ya iliyo kulia kwake. Sasa taja 9. Watano wale watahangaika kidogo, watanong'ona, halafu mwenye 8 na mwenye 1 wataonyesha nukta zao na waliobaki watageuza upande mtupu. Anayeonyesha nukta mwandike 1, anayeficha mwandike 0. Ubaoni imeandikwa 01001, na hivyo ndivyo kompyuta inavyoihifadhi 9. Taja 21: wataonyesha wa 16, wa 4 na wa 1, nawe utaandika 10101. Taja 31, wote wanaonyesha. Taja 32, na hapo kutakuwa na kelele, mpaka mtu apige ukelele kwamba anahitajika mwanafunzi wa sita, mwenye nukta 32.

Baada ya hapo wape herufi namba, A iwe 1, B iwe 2, na kuendelea, kisha waambie waandike neno MAJI kwa kuonyesha na kuficha tu. M ni ya 13: 01101. A: 00001. J ni ya 10: 01010. I ni ya 9: 01001. Kundi la upande wa pili wa uwanja, lisilosikia kitu, linasoma ishara hizo na kulitamka neno. Watoto hawa wametuma ujumbe kwa njia ileile inayotumiwa na simu mfukoni mwa mwalimu wao, na hakuna hata mmoja aliyekaa kwenye kiti. Mvulana wa kibanda cha gemu hana alichomzidi mwenzake; wote wameanza leo. Katika zoezi kama hili msichana mwenye daftari safi, aliyezoea kufuata hatua kwa uangalifu, mara nyingi ndiye wa kwanza kugundua kosa.

Kuna swali ambalo wazazi wanaliuliza na linastahili jibu la kweli. Mama mmoja anaweza kukuuliza bila chuki yoyote: mwanangu akishaolewa, ana watoto, hiyo kompyuta itamsaidia nini? Nitamsimulia habari ya Stephanie Shirley. Alifikishwa Uingereza mwaka 1939 akiwa na miaka 5, mtoto mkimbizi aliyeokolewa kutoka kwa Wanazi. Akajifunza kazi ya kompyuta, akaona wanawake wenzake hodari wakiachishwa au kuacha kazi pindi wanapojifungua, na mwaka 1962 akafungua kampuni yake ya kuandika programu nyumbani kwake kwa mtaji wa pauni 6. Aliwaajiri wanawake wenye watoto, kila mmoja akafanya kazi nyumbani. Katika wafanyakazi 300 wa mwanzo, 297 walikuwa wanawake. Barua zake za biashara zilipokuwa hazijibiwi alianza kutia sahihi kwa jina la kiume, Steve, na majibu yakaanza kuja. Mtoto wake alipokuwa mdogo, Shirley alicheza kanda yenye sauti ya mashine za kuchapa kila alipopokea simu, ili mteja asisikie kilio cha mtoto. Wanawake wale ndio walioandika programu ya kisanduku cha kunasia taarifa za safari za ndege ya Concorde. Walianza kufanya hayo zaidi ya miaka 60 iliyopita, kwa penseli na karatasi na simu ya mezani. Leo binti wa Singida mwenye kompyuta ndogo, umeme wa sola na bando anaweza kufanya kazi ya mteja aliye Kigali au Muscat huku mtoto amelala chumba cha pili. Mama, ni kazi chache sana zinazomruhusu mwanamke kubaki na watoto wake na kulipwa sawa na aliyeko ofisini. Hii ni mojawapo.

Wapo pia wanaouliza kwa nini tuhangaike, kama wavulana wanatosha kuijaza fani. Joy Buolamwini, mtafiti mwenye asili ya Ghana, alikuwa akifanya kazi katika chuo cha MIT pale kompyuta iliposhindwa kuuona uso wake mpaka alipovaa kinyago cheupe. Mwaka 2018, yeye na Timnit Gebru, aliyezaliwa Addis Ababa, walichapisha vipimo vya programu za kampuni tatu kubwa zinazotambua jinsia ya mtu kwa kuutazama uso wake. Kwa wanaume weupe makosa hayakufikia hata asilimia 1. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi yalifika hadi asilimia 34.7. Hakuna aliyekaa akapanga kuwadhulumu wanawake weusi. Huenda waliotengeneza programu zile walizipima kwa picha za watu wanaofanana nao, wakaridhika. Na programu nyingine zinaanza kuamua nani apewe mkopo na nani aitwe kwenye usaili. Waliogundua kosa ni wanawake wawili weusi waliokuwa wamesoma kompyuta.

Sasa, mwalimu mkuu anayesoma gazeti hili wikiendi hii anaweza kufanya nini Jumatatu bila kusubiri bajeti? Aanze na viti. Kila kompyuta iwe na orodha ya zamu iliyobandikwa ukutani, dakika kumi kila mtu, na saa iwe mkononi mwa mwalimu. Asiyekuwa na zamu mikono yake isiguse kipanya cha mwenzake hata kama anaona anakosea. Aseme kwa mdomo. Wiki za mwanzo za kidato cha kwanza wanaoanza kabisa wakae kundi moja, wavulana na wasichana, na wenye uzoefu wapewe kazi ngumu zaidi kwenye kundi lao. Kabla ya kuchagua masomo, mwalimu wa somo awaite mabinti wanaofanya vizuri mmoja mmoja, kwa majina, awaambie: wewe unaiweza hii. Kazi hiyo asiachiwe mgeni rasmi. Mtoto wa kike husikia mara nyingi kwamba anajitahidi, na mara chache sana kwamba anaweza. Mzazi wake naye aitwe, aoneshwe kazi aliyoifanya binti, maana uchaguzi wa masomo huamuliwa zaidi nyumbani kuliko shuleni.

Hisabati isifanywe geti. Wanafunzi wengi hufeli Hisabati kidato cha nne, na shule zenye desturi ya kuwachuja watoto wa kompyuta kwa alama za Hisabati zinawafungia nje wengi ambao wangeanza vizuri, kwa kuwa programu za mwanzo zinadai mantiki na subira, na hesabu zake hazizidi za darasa la saba. Hisabati watakutana nayo mbele, wakiwa tayari wana sababu ya kuihitaji.

Na muda wa ziada wa mazoezi usiwekwe jioni, kwa sababu jioni si ya msichana. Ana njia ya kurudi nyumbani na ana maji ya kuchota. Uwekwe ndani ya ratiba, au Jumamosi, saa nne asubuhi hadi saa saba mchana, madirisha wazi, mwalimu wa kike au mzazi wa kamati akiwepo. Ufunguo wa maabara upewe kiongozi wa klabu ya wasichana, asaini daftari anapouchukua na anapourudisha. Kipanya kikivunjika katika muda huo, shule inunue kingine na Jumamosi inayofuata wafungue tena.